Mto Uliowekewa Milango: Tahadhari ya Mafuriko Bonde la Rufiji

Kata kadhaa za wilaya za Rufiji na Kibiti zilipozama Aprili 2024, mabishano yalianza kabla maji hayajapungua. Wakazi wengi walilinyooshea kidole Bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na kuzalisha umeme kwa mara ya kwanza Februari 2024. Serikali ikajibu kwamba chanzo ni mvua za El Niño, na kwamba lisingekuwapo bwawa mafuriko yangewafikia watu mapema zaidi. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri takriban watu 200,000. Swali la nani kaleta maji ni halali, na lina wataalamu wake. Limefunika, hata hivyo, swali ambalo kwa mkazi wa Mohoro au Utete lina uzito mkubwa zaidi: alijuaje, na siku ngapi kabla, kwamba maji yanakuja, yatafika wapi na yatakaa muda gani? Hoja ya makala haya ni kwamba Warufiji walikuwa na utayari wa mafuriko uliotegemea kuusoma mto, kwamba bwawa limeuhamisha ujumbe huo kutoka mtoni na kuupeleka kwenye chumba cha mitambo, na kwamba mafunzo, kamati na boti zote zitabaki kuwa nusu ya kazi mpaka mwenye kushika milango ya bwawa atakapokuwa na wajibu wa kusema, kwa wakati na kwa lugha ya mahali.

Rufiji si kijito cha mjini kinachofura kwa mvua ya saa mbili na kukauka kesho yake. Bonde lake linachukua kama asilimia 20 ya Tanzania Bara, takriban kilomita za mraba 177,000. Mto wenyewe unazaliwa pale Kilombero na Luwegu inapokutana, kisha Ruaha Mkuu unajiunga kabla ya korongo lilipojengwa bwawa. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Maana yake ni kwamba mafuriko ya Ikwiriri hutengenezwa na mvua iliyonyesha mbali sana, huko Morogoro, Njombe na Iringa, na mara nyingi kijiji kinachozama kilikuwa na jua siku nzima. Mto hupanda tangu Februari, hufikia kilele kwa kawaida Aprili, na hushuka hadi kina cha chini kabisa mwezi wa Oktoba au Novemba. Ukubwa huu una faida moja ambayo watu wa mabonde madogo hawana, nayo ni muda. Maji ya Kilombero hayateremki hadi pwani kwa usiku mmoja. Kwa mtu anayetaka kuokoa gunia, mbuzi au mama mjamzito, siku mbili za kujua mapema ni utajiri, na mto wa namna hii unaweza kutoa zaidi ya siku mbili, mradi tu habari iteremke haraka kuliko maji.

Kosa la kwanza la kampeni nyingi za uelewa ni kudhani kwamba mwananchi hajui mafuriko ni nini. Rufiji mambo ni kinyume. Kilimo cha bonde kimejengwa juu ya mafuriko, na karne ya 19 nafaka ya huko ilikuwa ikisafirishwa mpaka Unguja. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, ukasubiri maji yaulishe. Maji yakishuka, watu hupanda tena kwenye udongo uliobaki na unyevu, kilimo kinachoitwa mlau: mahindi, kunde, maboga, bila kutegemea tone la mvua. Mashambani hujengwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia hulala msimu wa kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege, na maji yakiingia chini ya sakafu maisha huendelea juu. Maziwa madogo ya pembeni mwa mto hujazwa samaki pale tu mto unapovuka kingo zake. Mwaka usio na mafuriko ni mwaka wa njaa ya aina yake, ya samaki kupungua na mlau kukosa udongo. Ukimwendea mkulima huyu na bango linalosema mafuriko ni adui, hatakubishia, ni adabu tu, lakini umeshampoteza. Anachokiogopa ni maji yaliyokuja nje ya wakati wake, yaliyopanda kwa kasi, au yaliyokaa hadi mpunga ukaoza.

Hapo kwenye kasi ndipo penye siri. Mbegu za asili za mpunga zenye shina refu huweza kwenda sambamba na maji kama yanapanda taratibu, jani likibaki juu. Maji yale yale yakipanda ghafla, shina huzama na zao hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mafuriko mawili yenye kilele sawa, yakipimwa kwa mita pale Utete, yanaweza kuwa mavuno kwa mwaka mmoja na maafa kwa mwaka mwingine. Takwimu ya kina cha juu, ambayo ndiyo hupendwa na ripoti, haimwambii mkulima jambo hilo.

Kuna jibu linalotolewa kila mwaka, na linaonekana la busara: watu wahame bondeni. Viongozi hulirudia kwa sauti ya kukemea, kana kwamba hakuna aliyewahi kulijaribu. Lilijaribiwa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawatoa watu bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vipya vya nyanda za juu kaskazini mwa mto. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu vijijini baada ya Azimio la Arusha. Nyumba zilihama kweli, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni kwa sababu udongo wa juu ni mchanga usiobeba mpunga. Watu wakajikuta wanatembea masafa marefu kwenda shambani, wakashindwa kuyalinda mazao dhidi ya wanyama, na baadhi wakategemea chakula cha msaada. Kisha walifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya, wakajenga makazi ya msimu bondeni na kuishi huko miezi ya kilimo. Matokeo yake ni kwamba rekodi za serikali zilimhesabu mtu kuwa ni mkazi wa kijiji cha juu, na mafuriko yakamkuta chini.

Simaanishi kwamba hakuna anayepaswa kuhama. Zahanati, shule na ghala la kijiji havina sababu ya kukaa mahali ambapo maji yalifika 1974, 2020 au 2024, na serikali ikijenga hapo tena lawama ni yake. Tofauti ni kati ya kuhamisha majengo na kuhamisha riziki. Majengo yanaweza kuhama bila kurudi. Riziki ya bonde haihami, na mwenye riziki ataifuata, kwa hiyo sera yoyote ya Rufiji lazima ikubali kwamba kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Juni, maelfu ya watu watakuwa mashambani bondeni, pengine mbali na barabara na mbali na minara ya simu. Huyo ndiye mtu wa kupangiwa tahadhari. Aliyelala mjini Ikwiriri kandokando ya lami atasikia tu.

Sasa tuangalie mkulima huyo alikuwa akijuaje. Aliangalia maji. Mto unapoanza kupanda hubadilika rangi, huleta magugu na magogo kutoka juu, kasi ya mkondo huongezeka katikati kabla kingo hazijaguswa. Wazee walilinganisha mwezi na kina, wakajua mwaka huu uko wapi ukilinganisha na mwaka fulani. Elimu hii haikuwa kamili, na ilikuwa na miaka iliyoidanganya. Lakini ilitegemea jambo moja ambalo halikuwahi kubadilika, yaani kwamba kinachopita mtoni kinatokana na kinachonyesha juu. Bwawa limekata uzi huo. Linashika topetope na magogo, hivyo maji yanayotoka ni meupe zaidi na hayana uchafu wa kuashiria chochote. Mvua kubwa Kilombero inaweza isilete hata shubiri moja ya maji Utete, kwa sababu bwawa linajazwa. Na siku ya jua kali, wiki kadhaa baada ya mvua kupungua, mto unaweza kupanda kwa sababu milango imefunguliwa. Mzee aliyesoma mto miaka 50 anasoma kitabu kilichobadilishwa kurasa. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaodhani dawa ni kuandika tu maarifa ya asili na kuyafundisha shuleni. Maarifa hayo yanatufundisha jinsi ya kuishi na maji yakishafika, na hapo hayana mshindani. Kuhusu lini yatafika, chanzo cha habari kimehama.

Watetezi wa bwawa watasema kwamba hili ni la mpito: bwawa likishatulia, mafuriko makubwa yatakoma. Kiasi fulani cha ukweli kimo. Bwawa lenye uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 linaweza kumeza mafuriko mengi ya kawaida. Tatizo ni kwamba bwawa la umeme na bwawa la kuzuia mafuriko hutaka mambo yanayopingana. La umeme linataka kujaa, kwa sababu kimo cha maji ndicho nguvu ya mitambo, na mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115 haikujengwa ili ikae chini ya maji haba. La kuzuia mafuriko linatakiwa libaki na nafasi tupu kabla ya masika. Mwendeshaji anayepimwa kwa umeme atavutika kulijaza, na bwawa likijaa mwezi wa Machi huku mvua ikiendelea kunyesha Kilombero, hana hiari. Atafungua, na atafungua wakati mbaya zaidi. Kenya wanalijua hili. Mabwawa ya mto Tana, likiwemo Masinga lililokamilika 1981, hufurika miaka ya mvua nyingi, na kampuni ya KenGen hulazimika kuwatangazia watu wa Garissa na Tana River kwamba maji yanakuja.

Zambezi inatoa funzo kali zaidi. Cahora Bassa nchini Msumbiji lilianza kujazwa mwishoni mwa 1974. Mto ulipoonekana umetulia, watu walisogea karibu zaidi na maji, wakalima na kujenga mahali ambapo mababu zao wasingethubutu. Mwaka 1978 yakaja mafuriko makubwa, bwawa likashindwa kuyabeba, na hasara ikawa kubwa kuliko ambayo ingekuwa kama watu wangebaki walipokuwa. Bwawa hupunguza idadi ya mafuriko madogo, yale yanayomkumbusha mtu kila mwaka mpaka wa maji uko wapi, na huacha nafasi ya yale machache makubwa. Kizazi kinachokulia Rufiji leo kinaweza kupita miaka kumi bila kuona maji yakivuka kingo. Kijana huyo atajenga nyumba ya matofali bondeni, tena atapewa leseni ya biashara. Kwa hiyo anayesema bwawa litaondoa haja ya utayari ana mambo kichwa chini, miguu juu. Mto uliotulizwa unahitaji tahadhari iliyoandikwa na kuzoezwa, kwa sababu mwili wa jamii umeshaanza kusahau.

Je, Mamlaka ya Hali ya Hewa haitoshi? Agosti 2023 TMA ilitangaza kuwa vuli ingekuwa na mvua za El Niño, na serikali ikaanza maandalizi. Ulikuwa utabiri mzuri, na mvua zikaja. Lakini Desemba 3 mwaka huo tope lilishuka kutoka Mlima Hanang na kuua makumi ya watu Katesh na vijiji jirani, watu ambao bila shaka walikuwa wamesikia habari za El Niño redioni kama kila Mtanzania. Utabiri wa msimu unamwambia waziri wa fedha atenge akiba. Haumwambii mtu wa kitongoji fulani alale wapi leo usiku. Kati ya hayo mawili kuna ngazi ya tatu, nayo ndiyo iliyokosekana Rufiji: taarifa ya mto wenyewe, kina chake hapa na kule, na kinachotoka bwawani leo, kesho na keshokutwa.

Hebu tuishike taarifa hiyo mkononi. Chukua tangazo la kawaida, la aina inayosambazwa kila masika: wananchi wanaoishi mabondeni wanatakiwa kuchukua tahadhari kufuatia ongezeko la maji. Mkulima akilisoma hajui tahadhari ni kitu gani. Avune mahindi mabichi au asubiri? Ahamishe watoto au mbuzi? Yeye ni wa mabondeni au siyo, maana bonde la Rufiji ni pana na kila mtu hudhani bonde ni pale kwa mwenzake? Sasa weka mfano mwingine, wa kubuni lakini unaowezekana kabisa: kesho asubuhi milango itafunguliwa zaidi, Utete maji yatapanda hadi mstari mwekundu kufikia Alhamisi jioni, yakifika hapo, njia ya mashamba ya ng'ambo haipitiki kwa mguu, yatakaa juu siku tano au zaidi. Sentensi nne. Ndani yake mna wakati, alama inayoonekana kwa macho, matokeo yanayomhusu mtu, na muda. Zinamwezesha mama wa nyumba kupanga siku yake kuliko semina ya siku tatu.

Mstari mwekundu huo ni alama kwenye nguzo ya kupimia kina iliyosimikwa ukingoni, yenye sentimita zilizochorwa kwa rangi, iliyogawanywa rangi tatu kwa kuangalia alama halisi za 2020 na 2024 kwenye kuta za nyumba na mashina ya miembe. Kila kijiji cha ukingoni kingehitaji yake, kwa kuwa kina kile kile cha mto huleta matokeo tofauti kijiji hadi kijiji. Kazi ya kuoanisha namba za bwawa na rangi za nguzo ni ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na shirika la umeme, TANESCO, na ni hesabu ambayo wahandisi wao wanaiweza. Kazi ya kusema mstari upi unafunga njia ipi ni ya kijiji chenyewe. Hakuna mhandisi anayejua kwamba maji hayaanzi kuingia kwa kuvuka ukingo mbele ya kijiji, huanza kwa kuzunguka nyuma kupitia mkondo wa zamani, na watu hujikuta kisiwani kabla nyumba hazijaguswa. Wavuvi wanajua.

Haya si ndoto za karatasini. Msumbiji, baada ya mafuriko ya 2000 yaliyoua watu wapatao 700, ilijenga mfumo wa namna hii kwenye bonde la mto Búzi: wanakijiji walisoma vipimo vya mto na mvua, wakapeleka namba kwa redio ya upepo hadi ofisi ya wilaya, na vijiji vya chini vikatangaziwa kwa bendera za rangi na vipaza sauti vya mkononi. Mwaka 2007 uliwasaidia watu kuondoka mapema. Ni haki pia kusema ulipofikia mwisho wake. Kimbunga Idai kilipopiga Machi 2019, maji yalikuwa mengi kiasi kwamba bonde la chini la Búzi likageuka ziwa, mawasiliano yakakatika, na mfumo uliotegemea watu kupokezana habari haukuwa na pa kusimama. Yeyote anayejenga mfumo Rufiji ajue kwamba utashughulikia mafuriko tisa kati ya kumi, na kwa yale ya kumi atahitaji vilima vilivyoandaliwa na helikopta. Kukataa kujenga wa yale tisa kwa sababu ya hayo mamoja ni uvivu uliovaa miwani.

Upinzani mzito zaidi unatoka kwa watendaji wenyewe, na unasemwa kwa sauti ya chini. Ukimtangazia mkulima kila lango linapofunguliwa, utazua taharuki. Ukimtangazia mafuriko nayo yasije, safari ijayo hatakusikia. Hofu hii inaeleweka, maana hakuna ofisa anayeadhibiwa kwa kunyamaza ilhali anayetoa tangazo la uongo huchekwa wilaya nzima. Lakini inachanganya mambo mawili. Utabiri wa mvua unaweza kukosea kwa sababu mbingu hazina ratiba. Kufungua milango ni uamuzi wa mtu, umeandikwa kwenye daftari la zamu, una saa na kiasi. Hapo hakuna ubashiri wa kukosea isipokuwa mtu abadili uamuzi, naye akiubadili atatangaza hivyo. Tena taharuki huzaliwa pale habari inapokuja mara moja, kubwa, bila mazoea. Kama kina cha mto kingesomwa redioni kila asubuhi, kiangazi na masika, pamoja na bei ya ufuta na korosho, watu wangekizoea, na siku namba itakapopanda wangepima wenyewe uzito wake. Wavuvi wa pwani huishi na jedwali la maji kujaa na kupwa na hakuna anayekimbia.

Kuna wanaosema taarifa zilitolewa 2024 na watu wakapuuza. Pengine zilitolewa. Taarifa iliyofika kwa mkuu wa wilaya imetolewa, kwa maana ya kiofisi, hata kama imelala kwenye kundi la WhatsApp la watendaji wa kata. Safari yake halisi huanzia hapo: kutoka kwa mtendaji hadi mwenyekiti wa kitongoji, kutoka kwa mwenyekiti hadi dungu lililo saa tatu kwa miguu, ambako simu ya mwenye dungu imezimwa ili betri ifike Ijumaa. Kipaza sauti cha msikiti hufika kijijini, hakifiki mashambani. Bodaboda hufika mpaka njia ilipo. Baada ya hapo ni mtumbwi na mguu, na kijiji kinachojiandaa huandika kabla ya Desemba nani atamfikia nani, kwa mtumbwi wa nani, na nani atamlipa mafuta au chakula. Asiyekuwamo kwenye orodha hiyo kwa kawaida ni mgeni wa msimu aliyekodi shamba, mchungaji aliyeshusha ng'ombe kutafuta malisho, na mwanamke anayelima peke yake huku mumewe yuko Dar es Salaam. Kuhusu kupuuza, mtu anayeacha shamba lenye mahindi ya wiki mbili kabla ya kukomaa anapoteza chakula cha nusu mwaka kwa hakika, ili akwepe hatari asiyoijua ukubwa wake. Kubaki kwake ni hesabu. Ukitaka abadili hesabu, mpe siku tano badala ya moja, avune anachoweza, na umhakikishie kwamba mbegu ya mlau itakuwepo maji yakishuka.

Mlango wa mwisho wa kifo, mara nyingi, ni kuvuka. Mwishoni mwa Aprili 2024, karibu na Garissa, boti iliyokuwa ikivusha watu sehemu ya barabara iliyofunikwa na Tana ilizama. Abiria wake hawakuwa wamezolewa na maji kitandani. Walikuwa na safari. Rufiji nako watu huvuka kwenda kuangalia mifugo, kurudisha mtoto shule, kufuata dawa. Kamati ya kijiji inayotaka kuokoa maisha ya watu kwa gharama ndogo kabisa ianzie hapo, ijue ni boti zipi imara, ziandikwe kiwango cha abiria kwa rangi ubavuni, makoti ya kuelea yasikae stoo ya wilaya, na vivuko viwili vitatu tu viruhusiwe mto ukiwa juu. Dawa za wagonjwa wa kudumu na za wajawazito zipelekwe ng'ambo kabla njia haijakatika. Vyoo vya muda kwenye eneo la kukimbilia vichimbwe kiangazi, maana kipindupindu hufuata maji kama kivuli. Haya yote yanajulikana na yameandikwa kwenye miongozo. Yanachokosa ni tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo haitapatikana bila ile taarifa ya mto.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati kuanzia taifa hadi ngazi ya chini, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imezipa bodi za mabonde mamlaka juu ya mito. Kilichopungua ni kiungo kati ya vyombo hivyo na mwendeshaji wa bwawa: kanuni inayotaja saa ngapi kabla ya kufungua tangazo litoke, liende kwa nani, liwe na vitu gani, na kasi gani ya kupandisha maji isivukwe isipokuwa usalama wa bwawa uko hatarini. Hilo la kasi linaligusa shina la mpunga moja kwa moja. Kufungua kidogo kidogo tangu Machi badala ya kwa wingi Aprili kunapoteza maji ambayo yangezalisha umeme, kweli, lakini hasara hiyo inahesabika kwa shilingi na inaweza kulinganishwa na thamani ya mpunga wa bonde zima. Hesabu hiyo ifanywe hadharani, kwa kuwa wanaolipia kwa sasa ni wale ambao hawakuulizwa.

Linabaki suala la fidia, ambalo wengi hulikwepa. Mvua haina mwenyewe, na hakuna anayemdai Mungu mahakamani. Maji yaliyofunguliwa kwa uamuzi yana mwenyewe, hata kama uamuzi ulikuwa sahihi na uliokoa ukuta wa bwawa. Ndiyo sababu daftari la milango lingefaa kuwa wazi: kiasi kilichoingia bwawani kila siku, kiasi kilichotoka, na saa ya kila badiliko, vibandikwe ofisi za vijiji kuanzia Mloka hadi delta. TANESCO ingekuwa ya kwanza kunufaika. Kama ni kweli kwamba bwawa lilichelewesha na kupunguza maji ya 2024, namba hizo ndizo zingelithibitisha mbele ya mkulima, ambaye kwa sasa anaombwa aamini tu. Na kama zingeonyesha kwamba siku fulani maji yalifunguliwa kwa kasi na tangazo likachelewa, mwenye shamba lililozama wiki ile angejua aende ofisi gani na karatasi ipi mkononi.